Kila Mtu Aje na Chake

Waaustralia wana ugonjwa wa kukata maneno. Kila neno refu kwao ni bamia, lazima likatwe, na kile kinachobaki wanakipachika kijisauti cha i au cha o mwishoni ili kisione uchungu. Chakula cha asubuhi ni breki. Jua likishapinduka ni aavo. Parachichi ni avo, na mtu anaweza kukwambia uje aavo mle avo bila hata kutabasamu. Chai ya saa nne kazini ni smoko, hata kama mahali pazima hapana mvuta sigara. Kuku wanamwita chuku, na hapa naomba niaminiwe, maana mimi si mtu wa kutia chuku.

Nilikaa kwao miaka, napika katika nyumba ya kulelea wazee, na lugha yao nilijifunzia jikoni. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kuandika barua ya maana kwa Kiingereza, lakini naweza kugombana na mtu kutwa nzima kuhusu soseji. Soseji ni snegi. Snegi huchomwa juu ya baabi, yaani lile jiko la uani la kuchomea nyama, halafu haitiwi kwenye sahani kama kitu chenye heshima zake. Hulazwa pembe kwa pembe juu ya kipande kimoja cha boflo, ikafunikwa vitunguu, ikamwagiwa sosi ya tungule, yaani nyanya, mkate ukakunjwa, mtu akala amesimama huku sosi inamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Jumamosi huzichoma nje ya duka la misumari na rangi, na mtu aliyetoka kwenda kununua bawaba hurudi kwake kashiba. Niliwacheka, kisha nikazoea, kisha nikapenda. Za ng'ombe, nilikuwa nauliza kwanza, kwa hiyo msinitazame hivyo.

Lililonishinda mwanzo ni namna yao ya kualika. Mwenzangu mmoja wa kazini, mama mwenye sauti ya kuitia watoto walioko pwani, alinikaribisha kwake Jumapili. Nikafurahi. Nilipokuwa bado nafurahi akaongeza kwamba nije na nyama yangu na kinywaji changu, saladi ipo. Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Kwetu ukimwalika mtu halafu ukamwambia aje na chakula chake, umemtukana yeye na ukoo wake na mbuzi wao.

Nikampigia simu mama, kwetu Vitongoji, Pemba, nikamweleza.

"Maskini," mama akasema. "Wana njaa hao na wanaona haya kusema. Wapikie pilau uwapelekee."

Nikawapelekea sufuria zima. Wakalila pilau lote, snegi zao zikaungua juu ya moto hakuna anayezitazama, wakanipiga mabegani, wakaniita mait, yaani mwenzao, na kuanzia siku hiyo sikukosa mwaliko. Polepole nikaelewa kitu. Mwenye nyumba kule hachoki. Anafungua lango, anawasha moto, anakaa kitini na kusema nowariz kwa kila anayeingia, maana yake hamna wasiwasi. Haumwi mgongo wiki nzima kwa sababu ya wageni. Hata mtu mwenye kitanda kimoja na bilauri mbili anaweza kualika mtaa mzima. Nikasema moyoni, hawa watu wamekosa adabu, lakini wamepata akili.

Mwaka mmoja baada ya baba kufariki nilirudi Pemba. Mama hakuniita, mama haombi kitu. Nilikuja mwenyewe, na nilichokikuta kilinivunja moyo.

Mama alikuwa mtu wa sinia. Hapiti mtu mbele ya nyumba yetu wakati wa kula asiitwe, na karibu yake haikuwa ya mdomoni, alikuwa anatoka na kukushika mkono. Sasa magoti yamemgomea. Majiko yetu yako chini, seredani iko chini, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kiko chini, na mama akishakaa chini hainuki mpaka anyanyuliwe. Akaacha kupikia watu. Alipoacha kuwapikia akaacha kuwaalika, na alipoacha kuwaalika akaacha pia kwenda kwao, harusini, hitmani, kote. Kwa mama, kula kwa mtu ambaye huwezi kumlisha ni ukosefu wa haya. Mlango wa uani ukawa unatiwa komeo mchana kweupe.

Hata jirani yetu alikuwa haji tena, na huyo ni shoga yake tangu wote wawili ni wasichana wanasuka ukili. Ukuta kwa ukuta, na miezi imepita hawajaonana. Nilipomuuliza mama alisema tu, "Kanchoka," akageukia ukutani.

Nikajua hapo kwamba magoti hayatamuua mama, ila upweke utamuua. Nikataka kitu kimoja tu: uani mwake mjae watu tena kabla hajazoea kuukalia peke yake.

Nilijitolea nipike mimi.

"Upike weye?" akasema. "Umezoea kupikia wazee wasio na meno."

Nikajibu kwamba wazee wasio na meno ndio wenye maneno, lakini hakucheka. Basi nikatoa silaha yangu. Nikamweleza habari za baabi, kwamba siku hizi watu hufanya hivyo, mwenye nyumba anawasha moto tu na kila mtu anakuja na chake.

"Niwaambie watu waje kwangu na chakula chao?"

"Ee, mama."

"Kwangu mie?"

"Kwako."

"Wakisema n'mefilisika?"

"Nowariz, mama."

"Ndo nini hiyo?"

"Hamna wasiwasi."

"Wasiwasi upo tele," akasema. Lakini niliendelea kumchokonoa, nami nikimshika mtu kwa maneno ni kupe, mpaka akachoka. "Haya, fanya. Mie n'takaa kitini. Ila siji kumwambia mtu karibu kwa chakula kisicho changu."

Nikaingia kazini. Fundi wa kuchomelea wa Chake Chake alinipasulia pipa katikati, akalitia miguu, akaniuliza mara mbili kama kweli ni la kuchomea nyama. Soseji za ng'ombe niliziagiza Unguja, zikaja na boti mpaka bandari ya Mkoani ndani ya sanduku la barafu, nikazifuata mwenyewe kama mtu anayempokea haji. Kuhusu watu sikuona haja ya kuzunguka nyumba hadi nyumba. Nilisimama dukani asubuhi ya Ijumaa yenyewe, pale wanawake wanaponunua sukari na sabuni, nikasema kwa sauti, kwa ufupi wa Kiaustralia: leo, baada ya Alasiri, kwa mama, kila mtu aje na chake. Nikachukua chumvi yangu nikaondoka, huku nimeridhika.

Sasa jiwekeni mahali pao. Bibi hajaonekana miezi. Mlango una komeo. Binti katoka ng'ambo ghafla, kavaa uso wa haraka, kasimama dukani hata salamu hakumaliza, kasema watu waende kwake na chakula. Kwetu nyumba ipi hupelekewa chakula na majirani wote kwa siku moja? Kuuliza hawawezi, maana hakuna namna ya heshima ya kumuuliza mtu kama mamake kafa. Watu wakafanya hesabu yao kimya kimya na jawabu likatoka moja kwa wote.

Mchana nilimvika mama khanga mpya, nikamtoa uani kwenye kiti cha baba chenye mikono, nikampa kipepeo cha kujipepea. Nikawasha mkaa. Nikavaa aproni yangu ya kazini, nyekundu, yenye picha ya kamba mkubwa anayecheka. Alasiri ikasaliwa, na haukupita muda nikasikia miguu.

Wanawake wa kwanza waliingia kwa mstari, wamejitanda buibui, hawasemi kitu. Mmoja ana mchele kichwani, mwingine mzigo wa kuni, mwingine nazi ndani ya pakacha. Nikasema moyoni, tazama, watu wameelewa mara moja, na mimi nilikuwa nawadharau. Nikawakimbilia pale ukumbini na koleo mkononi, natabasamu mpaka masikioni.

"Karibuni, karibuni! Leteni! Moto ushakolea!"

Wakamtazama yule kamba kifuani kwangu. Mmoja akanikumbatia kwa nguvu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nikadhani anasema magoti ya mama. Nikamjibu kwamba tunashukuru, siku hizi tunamkanda kwa mafuta ya mnyonyo asubuhi na jioni, anasikia nafuu. Akaniachia polepole, akarudi nyuma hatua, akamnong'oneza mwenzake.

Nje kwenye baraza wanaume walikuwa wanatandika majamvi. Shehe wetu wa madrasa alikuwa kashakaa, tasbihi mkononi, kainamisha kichwa. Wawili walikuja na majembe. Hao niliwapenda kuliko wote, kwa sababu nilifikiri mtu kawasimulia kwamba nyama huchomwa na wao wamekuja kunichimbia shimo la mkaa. Nikawaambia majembe hayana haja, ahsanteni, tutatumia pipa. Waliangaliana, na nyuso zao sitazisahau.

Hapo ndipo jirani alipofika. Tulimsikia kabla ya kumwona, analia kutoka njiani, kashika hotipoti kifuani kama mtoto mchanga.

"Shoga yangu! Umeondoka hata kwaheri hukunambia! Shoga yangu miye!"

Akatupita sote pale ukumbini, akaingia uani, na mama yuko kitini anajipepea.

"Unamlilia nani?" mama akauliza.

Jirani alikaa chini, pale pale kwenye mchanga, hotipoti mapajani. Wanawake waliokuwa nyuma yangu wakasukumana mlangoni kuchungulia, mmoja akasema audhubillahi, mwingine akaanza kucheka akajiziba mdomo kwa buibui. Mama akawatazama. Akautazama mchele, na kuni, na nazi, na kwa mbali kupitia mlango wazi akayaona majembe. Alielewa kabla yangu. Mimi bado nilikuwa natafuta koleo langu nilikoliweka.

Nilipoelewa, nilimfunika yule kamba kifuani kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemtangazia mamangu kifo, dukani, mbele ya watu, na kwa sauti. Mwanamke aliyeona haya kukosa cha kuwapa watu sasa ameletewa chakula cha maiti yake mwenyewe. Nikasema, leo ndiyo mwisho, baada ya leo hatofungua mlango huu kwa mtu yeyote, na mimi ndiye niliyeufunga.

Shehe akasogea mpaka mlangoni, kageuza uso pembeni kwa heshima.

"Bi mkubwa," akasema, "siye tumeambiwa..."

"Nowariz, Shehe," mama akamjibu. "Bado."

Sijui nani alianza. Najua tu kwamba kicheko kilitoka uani kikapita ukumbini kikawafikia wanaume barazani, na wenye majembe ndio waliocheka zaidi, kwa kuondokewa na kazi. Shehe mwenyewe alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Mtu pekee asiyecheka alikuwa jirani. Alikuwa bado chini kwenye mchanga, na sasa kakasirika.

"Miezi yote hii," akasema. "Miezi yote hii mlango una komeo. N'nakuja, n'nalitazama komeo, n'narudi. N'kajua umenchoka."

"Mie? N'kuchoke weye?"

"Basi kwa nini?"

Mama aliweka kipepeo mapajani. Nilimwona anatafuta namna ya kulikwepa swali, kama kawaida yake, na nikaona akikosa.

"Siwezi kupika, shoga," akasema. "Nikishakaa kwenye kibao siinuki. Ungekuja n'kakupa nini?"

Mama hajapata kusema neno kama hilo mbele ya mtu, hata mbele yangu.

"Kwani mie nilikuwa n'nakuja kula?" jirani akasema. "Mchuzi wako wenyewe una chumvi. Tangu tuolewe mchuzi wako una chumvi, na n'naula, na n'nakwenda kwangu n'nakunywa mtungi wa maji. Ulifikiri n'nafuata mchuzi?"

"Una chumvi?" mama akauliza.

"Bahari nzima."

Mama akacheka, na katikati ya kucheka akalia, na jirani akajikokota kwenye mchanga mpaka mguuni pake akamwekea kichwa kwenye lile goti baya, na mama hakusema linauma. Mimi nilirudi kwenye pipa nikainamia mkaa, nikalia kwa raha zangu, na waliouliza niliwaambia ni moshi.

Basi tukala. Kwa kuwa mchele ulikuwapo na kuni zilikuwapo na wapishi wa msibani walikuwapo tayari, wanawake waliteka mafiga, wakabandika sufuria kubwa, na baabi yangu ikasukumwa pembeni karibu na banda la kuku. Snegi zilikaguliwa moja moja. Shehe aliuliza mnyama gani, nani kachinja na wapi, nikamjibu yote. Bibi mmoja aliishika moja juu juu akauliza ni kidole cha nani. Niliwaonyesha namna ya kuilaza pembe kwa pembe juu ya boflo na kula umesimama, na Shehe akasema kula wima hapana, hiyo haikufundishwa. Wakakaa majamvini, wakazikatakata snegi zangu, wakazitupa ndani ya mchuzi wa pweza wa jirani, wakazila kwa wali. Boflo wakaliweka la chai. Kwa ufupi, katika Australia yote niliyoileta Vitongoji ulibaki moshi tu.

Lakini mama alikula. Alikula mchuzi wa mtu mwingine, uani mwake, kitini, na shoga yake chini anammegea pweza. Akasema pweza hakupigwa vya kutosha. Hapo nilijua kapona kitu ambacho mafuta ya mnyonyo yasingekifikia.

Asubuhi jikoni hapakuwa na pa kukanyaga. Hotipoti, mabakuli, masinia, sufuria za watu, kila mtu kaenda kwake mikono mitupu. Nikaosha vyote vikang'aa, nikavipanga kwa ukubwa, nikabeba vya kwanza kuvirudisha. Nilikuwa na haraka, kichwani bado niko kule ambako chombo kikishaoshwa heshima imekamilika.

"Wendapi?" mama akauliza kutoka chumbani.

"Kurudisha vyombo."

"Vina nini?"

"Vimeoshwa."

"Tangu lini chombo cha mtu kinarudi kitupu? N'letee kiti."

Nikakipeleka kile cha baba mlangoni pa jiko. Akakaa juu, mimi chini. Akaniagiza muhogo, akaniagiza nazi, akaniweka kwenye kibao nikakuna, na kazi ikaanza, nami nasema kweli kwamba katika jiko la wazee wale sijawahi kutukanwa namna ile. Nazi nilikuna mpaka nikafika kwenye kifuu, akaniuliza kama nataka kuwalisha watu mbao. Tui jepesi kwanza. Sasa hilo zito. Koroga, usiache, litakatika! Mbona unakoroga kama unafukuza nzi? Kila baada ya muda alinyoosha kiganja, nikamdondoshea, akalamba, akafumba macho. Mara moja tu hakusema kitu, na hiyo ndiyo niliichukua kuwa sifa.

"Punguza chumvi," akasema mwishowe, bila kunitazama.

Hotipoti ya jirani ndiyo iliyojazwa mwanzo. Nikaichukua kwa mikono miwili, nikapiga hodi, nikaingia. Jirani akafunua, moshi ukamgonga usoni, akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena. Kisha akanitazama kwa huruma.

"Hiki si mkono wa mamako," akasema.

Nikarudi nyumbani polepole, njia fupi nikaifanya ndefu. Nilikusudia kumwambia mama kwamba shoga yake kashukuru, kasifu, basi. Lakini uso wangu haujui kutunza kitu.

"Kasemaje?"

Nikamwambia.

Mama aliitazama mikono yake kwa muda, imelala juu ya magoti. Halafu akaitazama ya kwangu, imejaa machicha mpaka kwenye kucha.

"Rudi ukamwambie mkono ni wangu," akasema. "Nimeuzaa mwenyewe."